Njia ya Miguu: Bagamoyo hadi Ujiji na Historia ya Wavuja Jasho

Historia ya nchi yetu iliyoandikwa na wakoloni inatueleza kwamba bara la Tanganyika "liligunduliwa". Tunasoma kwamba Burton na Speke walifika Ujiji mwezi Februari 1858. Kwamba Stanley alimkuta Livingstone huko huko mwaka 1871. Kwamba Cameron aliondoka pwani mwaka 1873 na kutokea upande wa Bahari ya Atlantiki mwaka 1875. Lakini hao wote walipita wapi? Walipita katika njia. Njia hiyo ilikuwa imekwisha kukanyagwa na nyayo za watu wengi kabla yao. Visima vyake vilijulikana, ushuru wa kila mtemi ulijulikana, na idadi ya siku kutoka maji hadi maji ilikuwa kichwani mwa kila kirangozi. Anayeongozwa na mwenyeji, tena kwa malipo, hagundui kitu, anapelekwa.

Katika makala haya tunataka kuichambua njia hiyo, yenye urefu wa kiasi cha kilomita 1,200, kwa kuuliza maswali ambayo wasafiri wale hawakuwa na haja ya kuyauliza: nani aliijenga, nani alibeba mzigo, na nani alikula faida? Maswali haya si ya wapenda mambo ya kale peke yao. Tangu mwaka 2006 njia hii imo katika orodha ya awali ya maeneo ambayo nchi yetu inayapendekeza kuwa Urithi wa Dunia, kwa jina la Njia ya Kati ya Biashara ya Watumwa na Pembe za Ndovu. Vituo sita vimetajwa: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Siku njia itakapowekewa alama, na vijana wetu pamoja na wageni wakaanza kuitembea kwa miguu kama ilivyotembewa zamani, patahitajika maneno ya kuandika katika mabango. Maneno hayo yatasema nini, na yatamtaja nani?

NJIA KABLA YA MISAFARA YA PWANI

Kasumba ya kwanza ya kuondoa ni ile isemayo kwamba bara lilikuwa limelala mpaka alipokuja mfanya biashara kutoka pwani kuliamsha. Uvinza, karibu na mto Malagarasi, kuna chemchemi za maji ya chumvi. Uchimbaji wa mambo ya kale uliofanywa huko katika miaka ya 1960 ulithibitisha kwamba watu walikuwa wakichemsha chumvi mahali hapo tangu zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Wakati wa kiangazi walikusanyika kutoka nchi nyingi, wakachemsha, wakafunga mizigo yao na kurudi makwao. Chumvi ilikwenda upande mmoja, majembe ya chuma yakaja kutoka upande mwingine, na nafaka na mifugo vikabadilishwa katikati. Hizo njia fupi fupi, za kijiji hadi kijiji, ndizo zilizoungana hatimaye zikawa njia moja ndefu.

Walioziunganisha ni Wanyamwezi na majirani zao Wasumbwa. Kiasi cha mwaka 1800 walikuwa wamekwisha kufika pwani kwa miguu yao wenyewe, na pembe zao wenyewe. Wafanya biashara wa Kiarabu na wa Kihindi walikuja baadaye, wakifuata njia ile ile kwa upande wa pili, na katika miaka ya 1850 walikuwa wamejenga makao yao Kazeh, sehemu ambayo sasa ni Tabora. Wasumbwa hao hao walivuka hata ziwa. Msiri, ambaye ukoo wake ulitoka huko, alianzisha dola ya Garenganze katika Katanga akaitawala hadi alipouawa na watu wa Mfalme Leopold mwezi Desemba 1891. Hakuna "mgunduzi" aliyewafundisha watu hao jiografia.

MZIGO, POSHO NA MGOMO

Sasa tuitazame kazi yenyewe, maana hapo ndipo penye kiini cha jambo.

Katika sehemu kubwa ya njia hii punda na ng'ombe hawakufaa kwa sababu ya mbung'o na maradhi. Gari la kukokotwa halikuwa na barabara. Kila kitu kilichopita, kuanzia jora la nguo hadi mashua iliyokatwa vipande, kilipita juu ya bega au kichwa cha binadamu. Mzigo wa kawaida ulikuwa frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, mbali na chungu cha mpagazi, mkeka wake, silaha yake na chakula chake. Pembe kubwa mno ilibebwa na watu wawili kwa mzegazega. Burton na Speke walitumia siku 134 kutoka pwani hadi Kazeh. Lakini Burton, ambaye safari nyingi alikuwa hoi kwa homa, alikuwa mmoja wa waliobebwa.

Msafara uliondoka alfajiri, kirangozi akitangulia na bendera, kichwani kavaa ngozi ya mbega, baragumu ikilia. Ulipofika kambini kila mtu alijua wajibu wake: wa kukata miiba ya boma, wa kutafuta kuni, wa kuchota maji. Palipokuwa na pori lisilo na maji, kama kule Mgunda Mkali kati ya Ugogo na Unyanyembe, walifanya tirikeza: waliondoka mchana, wakalala bila maji, na asubuhi wakakaza mwendo mpaka kisima kinachofuata. Majina ya mahali yanatusimulia hali ilivyokuwa. Magharibi ya Mpwapwa pana Chunyo, na mbele yake nyika ya Marenga Mkali. Mwenye kujua lugha haulizi ladha ya maji yake.

Wanawake nao walikuwamo. Vitabu vya wasafiri vinawataja kwa kejeli, lakini wao walipika, walibeba, na wengine walifanya biashara yao ndogo njiani. Bila wao posho ya nafaka mbichi isingelika.

Jambo ambalo mabango ya kesho yasipoliandika yatakuwa yamedanganya ni hili: mpagazi wa njia ya kati, kwa sehemu kubwa, hakuwa mtumwa. Alikuwa mfanya kazi wa ujira. Alikubaliana malipo yake kabla ya kuinua mzigo, kwa reale au kwa vitambaa, na juu ya hayo alidai posho, ambayo kipimo chake kilikuwa kibaba cha nafaka kwa siku. Abdul Sheriff, katika kitabu chake cha mwaka 1987 juu ya uchumi wa Zanzibar, ameonyesha jinsi pembe za ndovu zilivyokuwa uti wa biashara hii, na inajulikana kwamba bandari kuu ya kusafirisha watumwa ilikuwa Kilwa, kusini. Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu wapagazi, amekwenda mbele zaidi na kuwaeleza kama tabaka la kazi lenye desturi zake, heshima yake na silaha zake za mapambano.

Silaha hizo ni zipi? Ya kwanza ni kuweka mzigo chini. Posho ikipunguzwa, au mwendo ukizidishwa, mizigo iliwekwa chini na hakuna aliyeinua mpaka mazungumzo yafanyike. Vitabu vya Wazungu vimejaa malalamiko ya "uvivu" na "ukaidi" wa wapagazi. Tukiyasoma malalamiko hayo kwa macho ya mfanya kazi tunaona migomo, mmoja baada ya mwingine. Silaha ya pili ilikuwa kutoroka. Katika safari yake iliyoanza mwaka 1860 Speke alitorokwa na watu zaidi ya mia moja kabla hajafika Kazeh, wengi wao huko huko Ugogo na Mgunda Mkali ambako njaa ilikuwa kali. Yeye aliita jambo hilo usaliti. Mtu aliyepewa mzigo lakini hakupewa chakula ana haki ya kuliita jina jingine.

NANI ALIKULA

Hata hivyo tusijidanganye kwa kuipaka njia hii rangi ya asali. Mpagazi alikuwa huru kukataa mzigo, lakini hakuwa na sauti juu ya bei ya pembe aliyoibeba. Pembe iliyotoka Maniema kupitia Ujiji na Tabora ilifika Zanzibar, ikaenda Bombay, London na Marekani, ikawa vibao vya piano na tufe za mchezo wa biliadi. Kwa upande wa pili ilikuja nguo ya pamba kutoka viwanda vya Massachusetts, ambayo watu wa huku waliiita merikani, na jina hilo limedumu. Katikati walikaa wenye fedha. Wafanya biashara wa misafara, hata wale mashuhuri kama Tippu Tip, walikopa mali kutoka kwa mabepari wa Zanzibar kama vile Taria Topan. Sultani alipata forodha yake. Huo ulikuwa mnyororo mmoja wa unyonyaji uliofika mpaka kwa wenye viwanda wa ng'ambo. Na mwisho wake wa chini kabisa alikuwa mtu mwenye jora begani.

Watemi nao walitaka fungu lao, na hapa inatupasa kutofautisha mambo. Hongo iliyodaiwa Ugogo wasafiri waliiita unyang'anyi, na neno lenyewe limekwisha kuharibika katika lugha yetu hadi kuwa na maana ya rushwa. Lakini wakati ule lilikuwa ushuru wa halali wa nchi. Ugogo ni nchi kame. Visima vilichimbwa kwa jasho la wenyeji, na msafara wa watu mia kadhaa uliweza kunywa kwa siku moja maji ya kijiji ya wiki. Anayekunywa alipe. Kwenye kivuko cha Malagarasi mambo yalikuwa vile vile. Mnywa Sere wa Unyanyembe alipodai ushuru kwa Waarabu wa Tabora, walimpindua, naye akapigana nao porini mpaka alipouawa mwaka 1865. Mirambo alipodai, alikuwa amejiandaa vizuri zaidi. Tangu mwaka 1871 hadi 1875 alipigana na Waarabu hao na kuifunga njia ya Ujiji. Stanley, ambaye tunaambiwa alikuja kumtafuta mtu tu, aliingia vitani upande wa Waarabu, wakashindwa, naye akalazimika kuzunguka kusini ili kufika Ujiji. Sehemu hiyo ya hadithi haisimuliwi mara nyingi.

Lakini yupo pia mnyonyaji wa ndani ambaye hatuna budi kumtaja. Mali iliyopatikana njiani haikugawanyika sawa katika vijiji vya Unyamwezi. Wenye nguvu, na hata wapagazi waliofanikiwa, walinunua mateka kutoka magharibi na kuwalimisha mashamba wakati wanaume wenyewe wako safarini. Kwa hiyo ujira wa mtu huru wa njiani ulisimama kwa sehemu juu ya mgongo wa mtumwa wa shambani. Na ni kweli pia kwamba watu waliofungwa minyororo walipitishwa njia hii hii mpaka Bagamoyo. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa kwa mkataba wa mwaka 1873. Utumwa wenyewe haukukomeshwa kisheria Tanganyika hadi mwaka 1922. Ndiyo maana hatukubaliani na wale wanaotaka neno "watumwa" liondolewe kabisa katika jina la njia. Tunachokataa ni jina hilo kuwa pazia la kumficha mfanya kazi.

Ubishi huo umo hata katika jina la Bagamoyo. Wapo wanaosema ni kilio cha mtumwa aliyebwaga moyo kwa kukata tamaa. Wapo wanaosema ni pumzi ya mpagazi aliyefika, akatua mzigo na kubwaga moyo apumzike. Wenyeji wanasimulia yote mawili, na mji ule umewaona watu wa namna zote mbili.

UTANI

Tumezungumza juu ya mali. Ipo faida nyingine ambayo wenye fedha hawakuihesabu, na hiyo ndiyo iliyobaki kwetu.

Mtu anayetembea miezi mitatu kwenda na miezi mitatu kurudi, akipita katika nchi za makabila ambayo lugha zake hazijui, anahitaji kitu zaidi ya silaha. Ataugua. Atafiwa na mwenzake. Ataishiwa posho kabla ya kufika. Ndugu zake wako mbali. Nani atampa uji, na nani atamzika? Jibu la wapagazi lilikuwa utani. Wanyamwezi wakawa watani wa Wazaramo, wa Waluguru, wa Wagogo, na wa watu wengine waliokuwa kando ya njia. Baadhi ya utani huo ulianza kwa vita, kisha ugomvi ukageuzwa kicheko chenye sheria. Mtani alikuwa na ruhusa ya kuchukua chakula bila kuitwa mwizi, kutukana bila kupigwa, na alikuwa na wajibu wa kusimama penye msiba wa mtani wake kama ndugu. Mpagazi aliyefia Ugogo hakutupwa.

Wataalamu wa kikoloni waliuchunguza utani kama kioja cha makabila. Hawakutaka kuona kwamba ni mkataba wa usalama uliotungwa na watu wa kawaida, bila mfalme na bila karatasi, kwa urefu wa nchi nzima. Mpaka leo mtu akifariki Dar es Salaam, Mnyamwezi anaweza kuingia katika msiba wa Mzaramo, akawazuia wachimba kaburi, akadai "ada" yake na kuwachekesha wafiwa kwa maneno ambayo mtu mwingine angepigiwa. Wengi wanaocheka hapo hawajui kwamba wanacheka juu ya njia ya Ujiji.

Kiswahili kilipita humo humo. Hakikuenezwa kwanza na shule wala na serikali. Kilikuwa lugha ya kambi: ya kugawana posho, kuhesabu mizigo, kubishana na kirangozi. Kilivuka Ziwa Tanganyika pamoja na mizigo na kukita mizizi Maniema, ambako mashariki ya Kongo inakisema hadi sasa. Chama kilichopigania uhuru kilipowahutubia wananchi wa Bagamoyo, Dodoma na Kigoma kwa lugha moja, kilivuna shamba ambalo wapagazi walikuwa wamelilima.

WALIOKATAA KUZIKA

Mwezi Mei 1873 Livingstone alifia kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo sasa ni Zambia. Watu wake, wakiwamo Chuma na Susi, waliukausha mwili, wakaufunga na kuanza kuubeba kuelekea pwani. Walipofika Unyanyembe mwezi Oktoba walimkuta Cameron, afisa wa jeshi la wanamaji la Uingereza, ambaye aliwashauri wamzike hapo hapo. Walikataa. Waliendelea, wakafika Bagamoyo mwezi Februari 1874.

Hatutaji habari hii kwa ajili ya kumtukuza Livingstone. Amekwisha kutukuzwa vya kutosha. Tunaitaja kwa sababu wafanya kazi wasio na bwana, maana bwana wao alikuwa maiti, waliendesha msafara kwa miezi tisa, wakajilisha, wakajilinda, na wakatoa uamuzi kinyume cha ushauri wa afisa wa Kizungu. Je, hao ndio watu ambao walisemwa kwamba hawawezi kwenda hatua bila kusimamiwa? Chama cha Jiografia cha Uingereza baadaye kilitengeneza medali 60 kwa ajili yao. Zilipofika Zanzibar wengi walikuwa wamekwisha kutawanyika kutafuta mizigo mingine.

BUNDUKI, KODI NA RELI

Ukoloni haukuiua njia mara moja, kwanza uliikamata. Abushiri alipowapiga Wajerumani mwaka 1889 aliwafuata hadi kituo chao cha Mpwapwa, kwa kuwa alielewa kwamba anayeshika Mpwapwa anashika koo la njia. Alinyongwa Pangani mwezi Desemba mwaka ule. Isike wa Unyanyembe alijilipua ngomeni mwake Januari 1893 kuliko kukamatwa. Baada ya hapo ilikuja kodi ya kibanda, mwaka 1898, na mpagazi aliyekuwa akichagua safari yake akaanza kubeba ili alipe kodi. Vita vya 1914 hadi 1918 vilimaliza kilichobaki cha hiari: Wajerumani na Waingereza pande zote mbili waliwakamata watu kubebea majeshi, na makumi ya maelfu walikufa kwa njaa na maradhi. Jina la kikosi cha wabebaji cha Waingereza limebaki Dar es Salaam katika soko la Kariakoo, ambako kila siku mizigo bado inabebwa begani.

Reli ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Iliiacha Bagamoyo kando, na mji ukafifia. Miguu ile ile ya Wanyamwezi ikageuzwa kuelekea mashamba ya mkonge ya Tanga, kwa jina jipya la manamba. Reli mpya ya umeme, ambayo treni zake zilianza kwenda Dodoma mwaka 2024, inaelekezwa Tabora na Kigoma. Mhandisi kila mara anarudi kule kule alikochagua kirangozi.

Kuhusu mabango, basi. Kwihara liko tembe lililofanywa kumbukumbu ya Livingstone, na Ujiji liko jiwe lake na miembe yake. Yabaki. Lakini katika Unyanyembe iandikwe pia kwamba hapa ndipo wapagazi walipomkatalia Cameron. Chunyo iandikwe habari ya tirikeza. Ugogo iandikwe nani alichimba visima na kwa nini hongo ilikuwa haki. Na ada ya watembea kwa miguu, ikianza kutozwa, ilipwe kwa vijiji vyenye maji, kama zamani. Kati ya Kilimatinde na Tabora, katika Mgunda Mkali yote, orodha ile ya mwaka 2006 haikutaja kituo hata kimoja. Huko ndiko walikokufa wapagazi wengi kwa kiu, na huko bado wako wazee wanaoweza kuonyesha kambi zilikuwa wapi na kila kisima kiliitwaje. Kamati za vijiji zinaweza kuyaandika majina hayo kiangazi hiki hiki, kwa daftari na kalamu.